Ratiba Isiyojua Giza

Jaribio letu la kwanza la Jiografia, mwaka wa kwanza, lilikuwa na maswali matatu. Swali la tatu lilikuwa na alama 10 na lilisema hivi: eleza kwa nini mvua za radi juu ya Ziwa Victoria hutokea zaidi usiku na alfajiri, ilhali nchi kavu inayolizunguka hupata mvua zaidi mchana na jioni.

Nililiacha wazi.

Si kwamba muda uliniishia. Nilikaa kama dakika 15 nikilitazama, nikarudi kukagua swali la kwanza, nikaja tena kulitazama. Halikuwamo kwenye desa. Desa tulilokuwa tunalikomalia chumbani tulilirithi kwa dada mmoja wa mwaka wa tatu, naye alilirithi kwa aliyemtangulia. Lilikuwa limepigwa fotokopi mpaka herufi zimefifia, na ndani yake hamkuwa na neno hata moja kuhusu mvua za usiku. Kwa hiyo kwangu mimi swali hilo halikuwa na jibu.

Sasa sikia kichekesho. Mimi nimezaliwa ziwani. Kwetu ni kisiwa kimoja wilayani Ukerewe: ukitoka Mwanza unapanda meli mpaka Nansio, halafu unatafuta chombo kingine. Mama yangu anaanika dagaa. Nimekua nikisikia radi zikipiga juu ya maji saa tisa usiku, na asubuhi nikiona jua limewaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Swali lile lilikuwa linaniuliza habari za nyumbani kwetu, na mimi nikamjibu mwalimu kwa karatasi nyeupe.

Majibu yalipotoka nilikuwa na alama 9 kati ya 30.

Jioni nikampigia mama simu. Nilitaka kumwambia mapema kabla mambo hayajaharibika zaidi, maana nyumbani walikuwa wameuza mbuzi wawili ili nifike chuo kabla bumu halijatoka. Mama hakunigombeza. Aliuliza tu, "Hilo swali lililokushinda lilikuwa linasemaje?" Nikamtafsiria. Kimya. Halafu akacheka.

"Yaani hilo ndilo lililokushinda? Mchana nchi kavu inachemka kuliko maji, upepo unatoka ziwani unakuja huku, mawingu yanapanda huku kwetu juu na kule bara. Usiku nchi kavu inapoa upesi, maji yanabaki na joto lake, upepo unageuka, unatoka nchi kavu pande zote unakwenda kukutana katikati ya ziwa. Ukikutana utakwenda wapi? Si unapanda juu? Ndiyo hizo radi. Mwanangu, si uliniona kila alfajiri natazama kule ndipo nikamwage dagaa?"

Nilimwona. Miaka yote nilimwona. Kesho yake niliingia maktaba, nikafungua kitabu cha hali ya hewa, nikakuta sura nzima inasema alichosema mama, isipokuwa yenyewe ilikuwa na mishale na jina la Kiingereza. Mama aliishia darasa la saba.

Ndugu msomaji, tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza jambo moja, na ndilo lililonifanya niandike makala hii. Nani alimfundisha mama kusoma mawingu? Na mimi niliyesoma miaka 13 kabla ya kufika hapa, nani alinifundisha kusubiri desa?

Swali la kwanza nilimuuliza mwenyewe likizo ilipofika. Hakuna aliyemfundisha. Mwaka alioanza biashara alinunua dagaa wabichi kwa mtaji wote aliokuwa nao, akawamwaga mchangani, mvua ikanyesha saa nne asubuhi. Dagaa wakioza hawaliwi, wanauzwa kwa bei ya kutupa kuwa chakula cha kuku. Alikopa akaanza upya, na kuanzia hapo akawa anaamka kabla mitumbwi haijarudi, anatazama radi ziko upande gani, upepo umegeuka au bado, halafu anakisia: leo nitaanika au nitasubiri? Jioni anajikagua kama alikisia sawa. Alikuwa na daftari la kurasa 80 lenye alama za vema na kosa. Akikosea anawauliza wamama waliomtangulia mwaloni walikuwa wameona nini ambacho yeye hakukiona.

Na wala hakuwa sahihi kila siku. Kwa miaka kadhaa aliamini kwamba dagaa wa mchangani ndio wenye ladha, na wanaoanika kwenye chanja wanapoteza mbao bure. Mwaka mmoja akaona wanunuzi wanapita kwake wanakwenda kwa jirani mwenye chanja, dagaa wake wasafi, hawana mchanga. Akajenga chanja moja kujaribu. Sasa hivi anazo sita. Hapo nikaelewa kwamba kujifunza mwenyewe si kujifungia na ubishi wako. Mama alijifunza kwa sababu alikuwa tayari kuonekana amekosea mbele ya mwaloni mzima.

Swali la pili ni gumu zaidi, maana linanigusa mimi, na nadhani linamgusa mwenzangu yeyote aliyetoka mwaloni.

Kwa asiyejua: dagaa wa ziwani huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za sola na betri. Mwanga unawakusanya dagaa, wavu unashushwa. Sasa mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote lina mwanga, taa yako haimvuti dagaa yeyote. Kwa hiyo kazi inafuata mwezi. Siku za giza watu hawalali. Siku za mbalamwezi mitumbwi inapumzika, nyavu zinashonwa, watu wanalala, wanaoana, wanagombana. Mzunguko mmoja ni siku 29 na nusu, na haujui Jumatatu wala Ijumaa.

Shule inajua Jumatatu na Ijumaa. Darasa letu lilikuwa likijaa wakati wa mbalamwezi na kupungua giza likiingia, kwa sababu giza maana yake kuna dagaa wa kuanika, wa kugeuza, wa kulinda ndege wasile. Ukirudi baada ya wiki mbili, mwalimu amefika kwenye sehemu na desimali na wewe ulimwacha kwenye kuzidisha. Hakukuwa na mtu wa kukwambia pale ulipoachwa pako ukurasa gani, au kwamba unaweza kujisomea mwenyewe kutoka hapo. Vitabu vilikaa kabatini ofisini, kabati lina kufuli. Sisi tulinakili ubaoni kilichoandikwa siku hiyo, tukaenda nyumbani. Sekondari hesabu haikuwa na mwalimu kwa muda mrefu. Kipindi chake tulikaa tu, tukapiga soga. Darasa zima la watoto ambao nyumbani wanajua kushona wavu, kukadiria ndoo kwa macho na kusoma upepo, na hata mmoja wetu hakuwaza kufungua kitabu bila mwalimu. Tulishazoea kwamba elimu inaletwa na mtu fulani, na yeye asipokuja basi haipo.

Julius Nyerere aliliona hili mapema. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 alilalamika kwamba shule tulizorithi zinamfanya mwanafunzi adhani maarifa yote ya maana yako kwenye vitabu na kwa wasomi, na maarifa ya wazazi wake si kitu. Mimi nililisoma andiko hilo hapa chuoni kwa ajili ya mtihani. Nikalikariri. Nikapata alama. Sikugundua kwamba linanisema mimi mpaka nilipoacha wazi swali la mvua.

Chuoni ndipo ugonjwa huu unapotuumbua. Hapa hakuna wa kukunakilia. Mwalimu anapiga pindi la saa mbili, anataja vitabu vitano, anaondoka. Waliotoka shule ambazo walizoea maktaba wanajua la kufanya. Sisi tunatafuta desa. Likikosekana tunasema somo ni gumu. Nimeona wenzangu wawili kutoka visiwani wakikusanya sapu mpaka wakadisko, na hawakuwa wajinga. Mmoja wao alikuwa anatengeneza injini ya boti bila kuangalia kitabu chochote.

Nilichofanya mimi baada ya zile alama 9 ni kuiga daftari la mama. Nakieleza hapa kwa sababu nimeulizwa mara nyingi, na hakina uchawi.

Kwanza, kabla ya kufungua kitabu naandika swali, na chini yake naandika ninachokijua tayari, kwa Kiswahili, hata kama ni habari ya mwaloni. Hapo ndipo nagundua kwamba mara nyingi sianzii sifuri. Pili, nasoma, nafunga kitabu, naandika nilichoelewa bila kuchungulia. Inauma, maana unaona wazi kwamba hujui. Lakini kusoma kurasa zilezile mara nne na kuzipaka rangi ya njano kunakupa raha ya kudhani unajua, na chumba cha mtihani hakidanganywi. Tatu, natafuta pasti pepa na kujipima kwa saa, kisha naweka vema na kosa. Nne, Jumamosi jioni tunakutana wanne kwenye kimbweta, kila mmoja anafundisha mada moja na wengine wanambana kwa maswali. Diskasheni yetu ina sheria moja: ukishika desa unanunua maandazi.

Mtihani wa mwisho wa muhula nilipata B. Najua wapo waliopata A, ila hiyo B niliijua ilikotoka.

Na kuna faida nyingine ambayo sikuitegemea. Siku moja natafuta kitabu cha takwimu maktaba, nikakutana na riwaya nene ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mkerewe! Aliimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe. Haikupata wa kuichapa. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980, na mwaka 1981 akafariki. Nimesoma shule za wilaya ya Ukerewe kwa miaka mingi na sikumbuki kulisikia jina hilo darasani. Nililipata kwa sababu nilikuwa nazunguka mwenyewe kati ya rafu bila mtu kunituma.

Basi likizo ya mwaka wa kwanza nikarudi nyumbani na moto wangu. Na hapa ndipo hadithi inapoacha kuwa tamu.

Mdogo wangu wa kiume aliacha shule kidato cha pili. Hakufukuzwa. Giza moja alikwenda ziwani kumsaidia mtu aliyeumwa, akarudi na hela, giza lililofuata akaenda tena, na hivyo hivyo mpaka jina lake likakaa kwenye mahudhurio bila mwenyewe. Wakati narudi alikuwa na miaka 17, ana simu nzuri kuliko yangu na ndiye anayelipa dawa za baba.

Nilimletea ratiba. Nilikuwa nimeichora vizuri kwa rula: Jumatatu Hisabati, Jumanne Baiolojia, Jumatano Kiingereza, kila siku saa mbili usiku hadi saa nne. Alisoma, akanirudishia.

"Dada, ratiba yako haijui giza."

Saa mbili usiku yeye yuko majini. Nilichora ratiba ya hosteli nikampelekea mvuvi. Nilikuwa nimefanya kilekile nilichokuwa nikiilaumu shule.

Tukachora nyingine pamoja, kwa mwezi badala ya wiki. Siku za mbalamwezi, kama siku 10 hivi, tunakaa saa mbili kila asubuhi. Siku za giza hatusomi kitabu kabisa, bali anaondoka na swali moja tu kichwani. Siku moja nilimpa hili: sangara akivutwa haraka kutoka kina kirefu, kwa nini tumbo linavimba? Alirudi asubuhi amechoka, akaniambia, "Ni bondo. Lina hewa. Chini maji yanalibana, ukimtoa juu halibanwi tena." Mabondo anayajua vizuri, maana bondo la sangara kwa kilo linauzwa ghali kuliko nyama yake. Nikamfungulia kitabu cha Baiolojia nikamwonyesha mchoro wa samaki. Akakiri kwamba shuleni aliwahi kuuona mchoro huo, ila jina lilikuwa Kiingereza na hakujua kwamba ni bondo lile lile. Miaka miwili ya sekondari alikuwa anafundishwa habari za samaki na hakujua!

Baada ya hapo ikawa rahisi. Au nilidhani.

Tulipofika kwenye asilimia na uwiano nikamwambia asitumie mifano ya kitabu, atumie ya chomboni. Kwetu mapato yanagawanywa hivi: usiku ukiisha unahesabu mauzo, unatoa petroli, kinachobaki nusu ya tajiri mwenye chombo na injini, nusu ya vijana. Wao ni wanne. Akaanza kuandika kila usiku. Mfano wake mmoja bado ninao: ndoo 12 kwa shilingi 15,000 ni 180,000. Inakatwa petroli lita 20 kwa 3,000, yaani 60,000. Zinabaki 120,000. Vijana 60,000, kila mmoja 15,000. Hesabu safi.

Ila yeye ndiye aliyekuwa akijaza petroli kwenye tangi, na daftari lake lilikuwa na safu niliyomwambia aiweke kwa mazoezi tu: lita zilizotumika kweli. Usiku ule zilikuwa 14. Rudia hesabu: petroli 42,000, zinabaki 138,000, nusu 69,000, kila kijana 17,250. Tofauti ni shilingi 2,250. Ndogo. Soda na chapati. Akazidisha kwa usiku 20 wa giza moja: 45,000. Akagawa kwa 15,000. Akanitazama.

"Dada, mimi navua usiku 3 bure kila mwezi."

Sitasahau uso wake. Nilifurahi, na furaha ile naionea aibu sasa. Nilifurahi kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amepata jibu. Sikuwaza jibu lile litakwenda wapi.

Lilikwenda kwa tajiri. Mdogo wangu alimwendea kwa heshima, akamwonyesha daftari, akauliza tu. Huenda tajiri alikuwa na maelezo: kuna oili, kuna plagi, kuna kodi na matengenezo. Hakuyatoa. Alisema, "Msomi, katafute mtumbwi wako." Siku hiyo hiyo nafasi yake ikachukuliwa na kijana mwingine.

Alikaa nchi kavu giza zima lililofuata. Dawa za baba zikalipwa kwa mtaji wa mama. Vijana wenzake watatu waliomtuma aulize walikaa kimya, na siwalaumu, nao wana watu nyumbani. Mama hakunipigia kelele. Alisema neno moja wakati tunageuza dagaa: "Wewe utarudi chuo."

Kweli nilirudi chuo. Nikapata bumu langu, nikakaa kwenye kimbweta changu, nikasoma nadharia za mwanafunzi kuwa kitovu cha kujifunza. Na kila nilipoona maneno kama kuhamasisha jamii niliwaza kijana aliyekaa ufukweni anatazama taa za wenzake kwa sababu dada yake alimhamasisha.

Ndiyo maana nataka tuseme ukweli tunapozungumza kuhusu kujisomea. Tunapenda kusema kama vile ni dawa isiyo na madhara: soma, jitume, utafanikiwa. Kwa mtoto wa mwaloni kujifunza kuna gharama ambayo sisi wa hosteli hatulipi. Muda wake una bei, kila usiku unauzwa. Na akishajua jambo, hajui kulisahau. Ukimpa mtu hesabu, jiandae kukaa naye hesabu itakapogoma kukubaliwa. Kosa langu sikulifanya kwenye asilimia. Nilimwacha aende peke yake. Tungewashirikisha wale watatu kuanzia siku ya kwanza, kila mmoja na daftari lake, swali lisingekuwa la mtu mmoja. Au tungeanzia kwa viongozi wa kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi, BMU, ambao wapo mwaloni pale pale na wanamjua tajiri.

Mambo hayakuishia vibaya sana. Baada ya mwezi na kitu, mama mmoja mwenye mitumbwi miwili alisikia habari za kijana mwenye daftari. Alimwita akamwambia, mimi nimechoka kuibiwa na kuambiwa nimeiba, njoo uniandikie. Sasa anavua na anaandika. Malipo ni yale yale ya mvuvi, usingizi umepungua, lakini daftari linasomwa mbele ya wote asubuhi. Na kijana mmoja wa kule alikotoka ameanza kuja siku za mbalamwezi kufundishwa uwiano. Na yeye, nasikia, ni mkali kuliko mimi: ukichungulia jibu unafukuzwa.

Nilipokuwa nyumbani mara ya mwisho nilimwambia habari za mtihani wa maarifa, ule wa QT. Wengi wetu hapa hatuujui, na ni haki tuujue. Mtu ambaye hakumaliza sekondari anaweza kuufanya, akifaulu anaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa nje ya shule. Sheria inamwita mtahiniwa wa kujitegemea. Aliyekaa nje ya shule halazimiki kuvaa tena sare na kukaa na watoto, ingawa tangu mwishoni mwa mwaka 2021 serikali imefungua mlango kwa walioacha kurudi darasani pia, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito. Na ipo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanzishwa kisheria mwaka 1975, ambayo kazi yake ni watu kama hawa. Mdogo wangu amesema atajisajili. Amesema. Fomu sijaiona. Kiingereza bado kinamtesa, na giza halimngoji.

Najua miongoni mwenu mnaosoma hapa wapo wa Kigoma, wanaovua dagaa kwa taa kama sisi. Wapo wa Kilwa, Mafia na Pemba, ambao kwao kinachotoa watoto darasani ni bamvua, maji yakikupwa sana na pweza wakionekana miambani. Kalenda zetu zinatofautiana lakini tunaufahamu mwezi kuliko wenzetu. Basi likizo ikija, tusiende na hotuba. Muulize mdogo wako siku zake za kupumzika ni zipi, kabla hujashika rula. Muulize anajua nini, umwonyeshe kwamba kiko kwenye kitabu kwa jina lingine. Mpe swali moja badala ya sura nzima. Mwachie pasti pepa na majibu yake ili ajikague mwenyewe ukishaondoka, maana utaondoka. Na umtafutie wenzake wawili.

Tumeanza kukusanya pasti pepa za kidato cha pili, za QT na za kidato cha nne, pamoja na vitabu ambavyo huvihitaji tena. Tunatafuta pia watu wa Kiingereza watusaidie kuandaa orodha fupi ya maneno: bondo, matamvua, upepo wa ziwani, kwa lugha zote mbili. Tunakutana kimbweta cha nyuma ya maktaba, Jumamosi saa kumi jioni. Giza lijalo litaanza wiki ya kwanza ya likizo, kwa hiyo mzigo wa visiwani inabidi ufike kabla ya hapo.

Ukija usishike desa. Maandazi yamepanda bei.